Waya wa Amri

"Huu hapana," Anastazia alisema, akamrudishia Abdulkadiri ule mzingo wa waya kama mtu anayerudisha nyama iliyolala.

Abdulkadiri aliupokea kwa kinyongo. Ana duka la vifaa vya ujenzi karibu na soko, na hakuna mwenye duka anayefurahi kuambiwa bidhaa yake haifai, sembuse nyumbani kwa mama yake mzazi, mama mwenyewe akiwa amekaa pale kwenye mkeka anasikia. Akasema waya ni waya. Akasema huohuo ndio unaowasha taa za nusu ya mji wa Singida na hakuna nyumba iliyowahi kulalamika. Anastazia hakubishana naye. Alichomoa plaizi kwenye mfuko wa ovaroli, akachuna ganda pale nchani, ukabaki mshipa mmoja mnene wa shaba, akaukunja huku na huku mara nane. Mshipa ukakatika.

Taa haitikisiki, alimwambia, lakini jenereta hutikisika kila likiwaka. Waya wa mshipa mmoja utakatika kimyakimya ndani ya ganda lake, na siku umeme ukienda, mashine itakaa pale uani kama jiwe na hakuna atakayejua sababu. Alitaka waya wa nyuzinyuzi, shaba tupu: milimita moja na nusu kwa zile za kuwasha, mbili na nusu kwa zile za kuchaji betri, maana kutoka kwenye swichi ya ukumbini mpaka uani ni mita ishirini na sita, na umeme mdogo huchoka njiani. Tena alitaka bomba la pili.

"La pili la nini, dada?" Abdulkadiri aliuliza. "Hilo moja hata panya na mkewe wanapita wakiwa wameshikana mikono."

"Waya unaobeba umeme haulali bomba moja na waya unaobeba maneno," Anastazia alisema. "Ule mnene una kelele. Huu mwembamba utasikia yasiyosemwa, na mashine itawaka saa saba mchana umeme upo."

Hayo alifundishwa na mzee Antipasi, Mungu amrehemu, aliyemtoa ujinga wa ufundi akiwa msichana. Abdulkadiri alimtazama mama yake apate kuungwa mkono. Bi Rahma alikuwa anachambua mchele, hakuinua uso. Akasema tu kwamba fundi akitaka mabomba mawili apewe mawili, kwa sababu siku mashine itakapogoma, zitakazoharibika ni dawa zake yeye. Bi Rahma ana kisukari, na sindano zake hukaa kwenye friji. Abdulkadiri akapanda pikipiki kurudi dukani.

Jenereta lenyewe lilikuwa limeshafika tangu Jumanne, limefungwa ndani ya sanduku la chuma la kijivu, likawekwa juu ya jukwaa la zege nyuma ya jiko. Lilinunuliwa na Amri, mtoto wa kwanza wa Bi Rahma, anayeishi Lubumbashi na kufanya biashara ya vipuri vya malori. Alichoka kusikia mama yake akilalamika kwenye simu kwamba umeme umekatika na dawa zimepata joto. Akaagiza mashine inayojiwasha yenyewe, asihitajike mtu wa kuvuta kamba wala kugeuza swichi. Mambo yakienda sawa, saa kumi alasiri angepiga simu ya video aione ikifanya kazi.

Na hiyo simu ndiyo iliyomleta Anastazia. Asikudanganye mtu kwamba alikuja kwa sababu ya kazi. Kazi alikuwa nazo tatu zinamsubiri.

Anastazia Mughwai ana miaka arobaini na mitano na goti la kushoto linalomlilia kila akichuchumaa. Aliwahi kuolewa kwao Mungaa, wilaya ya Ikungi, akaachika bila ugomvi, na ana binti mmoja, Janeth, anayesomea uuguzi Dodoma. Lakini kabla ya hayo yote, mwaka 2003, alikuwa akimbebea mzee Antipasi ngazi katika ghala la marehemu Abdulazizi, mume wa Bi Rahma, na kijana wa ghala hilo alikuwa Amri. Kijana akawa anakuja kushika ngazi ambayo haikuhitaji kushikwa. Mzee Antipasi aliliona hilo siku ya pili, akacheka peke yake, akanyamaza. Mama mtu aliliona baada ya mwaka mzima, na yeye hakucheka. Alisema yule binti hatavuka kizingiti cha nyumba yake.

Amri akamwandikia Anastazia kikaratasi: Jumamosi, njia panda, basi la kwanza litakalosimama, liende litakakokwenda. Walikuwa vijana, walidhani hiyo ni mipango.

Ijumaa Anastazia alikwenda kulala kwao Mungaa, na alfajiri akadandia lori la alizeti mpaka njia panda ya Mkiwa. Akakaa juu ya begi lake. Basi la kwanza likasimama, la pili, la saba. Wauza vitunguu wakamzoea, mmoja akamkopesha kigoda. Jua likapanda, likashuka, Amri hakutokea. Na mahali penyewe panaitwa Mkiwa. Waliopaita hivyo sijui walikuwa wanamtania nani. Saa mbili usiku alirudi mjini kwa lori, na mwezi uliofuata akasikia kwamba Amri yuko Kahama, kisha Kigoma, kisha Kongo. Hakumwandikia. Mtu akikuacha juu ya begi barabarani, alijiambia, amekwisha kukujibu.

Ila jibu lile halikumtosha, ndiyo shida. Miaka ishirini na miwili amekuwa akilipindua. Hakuwa na nia ya kumnyang'anya mtu mume. Alijua Amri ana mke kule na watoto watatu. Alitaka kuisikia sauti yake tu, na akipata mwanya, amuulize neno moja: kwa nini hukuja? Na tuseme ukweli mpaka mwisho, alimkumbuka. Kuna siku alikuwa juu ya ngazi, akatazama chini kuona nani ameishika.

Abdulkadiri alileta waya na bomba, akarudi dukani kwake. Anastazia akatoboa ukuta juu kidogo ya kizingiti cha mlango wa nyuma, akalaza mabomba mawili yakifuatana kwa umbali wa shubiri moja, na kwenye mita ya mwisho karibu na mashine akaunga bomba laini linalopinda, ili mtikisiko uishie hapo. Nyaya nene alizivuta peke yake, kwa jasho. Zikabaki zile nyembamba sita: mbili za kutazama kama umeme wa barabarani upo, mbili za kuchaji betri, na mbili zinazoiambia mashine iwake.

Kabla ya kuzivuta alizikata sawasawa, akafunga utepe mweupe kila ncha, akaandika kwa kalamu nyeusi. JICHO kwa zile za kutazama. CHAJI kwa za betri. Na kwa zile za kuwasha aliandika AMRI, kwa herufi kubwa, kama alivyoandika kwenye zahanati, kwenye mashine za kusaga, kwenye nyumba za wageni mbili na kwenye kisima cha masista. Wateja wakimuuliza huwaambia ni neno la ufundi: huo ndio waya unaotoa amri. Hakuna aliyewahi kulitilia shaka, na kwa nini alitilie?

Kuvuta nyaya sita nyembamba kwa pamoja ni kazi ya watu wawili. Mmoja avute upande wa pili, mwingine alishe polepole huku, zisijipinde. Anastazia alipotazama nyumba nzima, mtu wa pili alikuwa Bi Rahma.

"Nionyeshe," mama yule alisema, akajifunga kanga ya pili kiunoni.

Anastazia akamketisha kwenye kigoda karibu na boksi la swichi, akamwonyesha namna ya kuzishika sita kwa pamoja na kuzisukuma anapohisi zinavutwa. Akatoka uani, akaanza kuvuta. Zilikuja vizuri, mita tano, mita kumi, mita kumi na tano. Kikongwe alikuwa na mkono mzuri. Mtu aliyechambua mchele miaka sitini anajua kuwa na subira na vitu vyembamba. Kisha zikasimama. Anastazia alivuta kidogo, akaita, hakujibiwa. Akadhani zimekwama kwenye kona. Akaingia ndani.

Hazikukwama popote. Bi Rahma alikuwa ameziokota zile ncha za mwisho kwenye rundo lililobaki mapajani, amevaa miwani yake, ameshika utepe mweupe kati ya vidole viwili, anausoma.

"Umemwandika mwanangu," alisema.

Anastazia akatoa jibu lake la siku zote, kwamba ni neno la ufundi, ndio waya unaotoa amri.

"Fundi wa msikitini alifunga mashine kama hii mwaka jana. Nilikaa naye siku nzima, nikimpikia. Yeye aliandika moja, mbili, tatu. Nyumba ya shemeji yangu wameandika stati." Bi Rahma alivua miwani. "Hilo si neno la ufundi, Anastazia. Ni lako wewe."

Ndipo Anastazia alipojua kwamba ametambuliwa tangu asubuhi, tangu alipovua viatu mlangoni akasema shikamoo. Aliona aibu, akaona hasira, akakaa chini sakafuni kwa sababu goti lilikuwa limekataa. Alitaka kusema jambo la heshima. Badala yake likamtoka lile lililokuwa limekaa kooni miaka yote.

"Alinitupa, mama. Ningejua sababu ningeshaacha kuandika."

Bi Rahma aliikunja miwani. "Alikutupa? Mwanangu alikungoja Misigiri mpaka magharibi. Baba yake alimfuata kwa gari amrudishe, akakataa. Akasema, kama hakuja, mjini nirudi kufanya nini. Akapanda basi la Kahama."

"Misigiri?"

"Si alikwambia njia panda? Duka la baba yake la zamani lilikuwa palepale njia panda, mkono wa kushoto. Amekulia pale."

"Njia panda ni Mkiwa," Anastazia alisema, taratibu, kama mtoto anayejibu mwalimu.

Kwa mtu wa Ikungi ni Mkiwa, hakuna nyingine. Ndiko magari yanakogawanyika, ndiko mtu wa Mungaa anakopandia basi, na ukimwambia tukutane njia panda hawezi kukuuliza ipi. Kwa mtu aliyekulia Iramba kama Amri ni Misigiri, naye hakuulizi. Siku moja, barabara hiyohiyo, mmoja amekaa juu ya begi mashariki ya mji na mwingine amekaa juu ya begi magharibi yake, na kila mmoja anatazama mabasi.

"Mimi nilikuwa Mkiwa, mama. Tangu alfajiri."

Bi Rahma alijiziba mdomo kwa ncha ya kanga. Zile nyaya zilikuwa bado mapajani mwake. Alipoongea, aliongea kama anayejisemea.

"Nilifunga siku tatu kumshukuru Mungu kwamba hukwenda. Na yeye nikamwambia, unaona, hakukutaka. Nimemwambia hivyo miaka yote. Kila akinikasirikia kwa maneno niliyosema juu yako, namwambia, mimi nilimkataa kwa mdomo, yeye alikukataa kwa vitendo." Akaushusha ule utepe. "Amesema Idd hii atakuja. Hajakanyaga hapa tangu tumzike baba yake. Wajukuu zangu sijawashika. Ukimwambia leo..."

Anastazia alimwona jinsi alivyo: mwanamke mzee mwenye sindano kwenye friji, anayemngoja mtu yuleyule. Alitaka kumchukia, akashindwa, na hilo nalo likamuudhi. Aliinuka kwa kushika ukuta.

"Sukuma taratibu, mama," alisema. "Zimebaki mita kumi na moja."

Wakamaliza. Anastazia akazikaza nyaya zote kwenye mashine, kisha kwenye boksi la ukumbini, akavuta kila mmoja kwa vidole kuona kama umeshika. Mikono ilijua kazi yake, kichwa hakikuwepo. Kilikuwa kinatembea barabarani kati ya Mkiwa na Misigiri, kinahesabu kilomita. Alikuwa amengojwa. Jambo dogo, na limechelewa kiasi cha kuchekesha, lakini alilisikia kifuani kama maji ya kunywa. Kisha kiu ikarudi ikiwa kubwa kuliko mwanzo, kwa sababu aliyemngoja naye hajui.

Saa kumi Abdulkadiri alikuwa amerudi, na simu ikalia. Anastazia alisimama kwenye boksi la swichi na kumpa mgongo yule mwenye simu, asionekane. Sauti ilikuwa imezama kidogo, imepata lafudhi ya kule, lakini ilikuwa yenyewe. Alimwamkia mama yake, akaulizia sukari, akaulizia miguu, akamtania mdogo wake kwa kitambi. Kisha akasema haya, tuone.

Anastazia akashusha swichi kuu. Friji ikanyamaza, feni ikaanza kulegea, na nyumba nzima ikawa kimya. Sekunde tatu. Tano. Kule uani mashine ikakohoa, ikashika, na baada ya muda mfupi swichi ikagonga ndani ya boksi, na feni ikaamka.

Amri alishangilia kama mtoto. Akataka kuona boksi kwa karibu. Abdulkadiri akaisogeza simu mpaka mlangoni mwa boksi, na kule Lubumbashi mtu akacheka.

"Nani kaniandika humo?"

"Neno la mafundi hilo," Bi Rahma alijibu haraka. "Ndio waya unaotoa amri."

"Mwambieni amefanya kazi safi. Fundi mwenyewe nani?"

Abdulkadiri akasema ni dada mmoja wa Ikungi, hodari lakini mbishi. Anastazia hakugeuka. Angeweza kuacha ipite hivyo. Alikuwa ameshaamua, au alidhani ameamua: mama apate Idd yake, yeye alikwisha kuzoea. Alikuwa anakusanya bisibisi zake alipohisi mkono mkavu unamshika kiwiko. Bi Rahma alikuwa ameichukua simu kutoka kwa Abdulkadiri, anamnyooshea. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Ongea naye," alisema. "Nitayabeba yangu."

Anastazia aliipokea. Uso ulikuwa mnene kuliko alivyouweka akilini, kipara kimefika katikati, ndevu zina chumvi. Na yeye akaonekana jinsi alivyo, na vumbi la ukuta kwenye kope. Waliangaliana.

"Nilikuwa Mkiwa," Anastazia alisema. "Njia panda ya Mkiwa."

Anastazia akadhani mtandao umekata. Lakini kule nyuma yake Amri feni ilikuwa inazunguka, na kope zake zilikuwa zinapepesa.

"Mpaka saa ngapi?" Amri aliuliza.

"Saa mbili usiku."

Akaitikia kwa kichwa, polepole. "Mimi mpaka magharibi," alisema mwishowe, kama anayeomba msamaha kwa ile saa moja aliyopungukiwa. Mtoto akamwita kwa Kifaransa kutoka chumba kingine. Akageuza uso kumjibu, akaurudisha, akamtazama Anastazia tena, na picha ikaganda hivyo, ikazimika.

Abdulkadiri aliwatazama wanawake wawili mmoja baada ya mwingine. Alikuwa na miaka kumi wakati ule. Hakuwa na pa kuanzia kuelewa. Akasema anakwenda kuangalia kama friji inapoza.

Anastazia alipandisha swichi kuu. Boksi likagonga, umeme wa barabarani ukachukua nyumba. Akatoka uani kufunga mlango wa sanduku la mashine, na Bi Rahma akamfuata nyuma, ameshika ukuta.

"Umeme si umerudi?" mama aliuliza.

"Umerudi."

"Mbona hii haizimi?"

"Inapoa kwanza, mama. Sasa haibebi kitu. Lakini huwezi kuizima ghafla ikiwa na moto, utaiua."

"Inachukua muda gani?"

"Dakika tano."

Bi Rahma aliketi kwenye baraza ya jiko, akakunja kanga yake akiacha nafasi pembeni. Baada ya muda Anastazia akaketi pale. Mashine iliendelea kunguruma peke yake kwenye jua, na wote wawili wakawa wanaisikiliza.